Je, waya wa spika unabadili sauti? Kipi kinasikika na kipi hakisikiki

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, na mji ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujapumzika. Kumbi za sherehe, makanisa, misikiti, nyumba za mitaa ya Kisasa, Ilazo na Ihumwa, vyote vinafika siku ya kufungwa muziki, na siku hiyo bishano huwa ni lile lile. Muuzaji anamwambia mteja kwamba spika nzuri bila waya maalumu ni fedha iliyotupwa, kisha anamwonyesha waya mnene kama kidole wenye vichwa vya rangi ya dhahabu. Fundi anayekuja kufunga anasema waya ni waya, umeme ukipita umepita, chukua wowote. Kijana wa nyumbani ameona video mtandaoni inayosema shaba isiyo na oksijeni "inafungua" sauti. Mwenye fedha, ambaye mara nyingi ni mweka hazina wa kamati anayeshika sadaka za watu, anabaki katikati.

Wote watatu wanagusa jambo la kweli upande mmoja na kupotosha upande mwingine. Waya unaweza kuharibu sauti, tena kwa kiasi ambacho mtu yeyote atakisikia. Lakini njia ambazo waya unaharibu sauti ni chache, zinapimika kwa mita ya fundi, na zikishazibwa hakuna kiasi cha fedha kitakachoongeza kitu masikioni. Nayaeleza haya hatua kwa hatua kwa sababu naona watu wakinunua waya wa gharama mahali pasipouhitaji, na waya mbovu mahali ambapo waya mzuri ungekuwa ndio nusu ya kazi.

Kinachopita ndani ya waya

Amplifaya inapokea sauti dhaifu kutoka kwenye simu, redio au miksa na kuitoa ikiwa na nguvu ya kusukuma spika. Kinachotoka ni umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde: mara 50 au 60 kwa besi nzito, mara elfu kadhaa kwa sauti za juu kama za kayamba. Ndani ya spika kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, umekaa kwenye uga wa sumaku na umegandishwa kwenye koni. Umeme unapobadilika, koili inakwenda mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, nasi tunasikia.

Kila waya unauzuia umeme kidogo. Kizuizi hicho kinaitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Nyuma ya spika nyingi utakuta imeandikwa omu 4, 6 au 8. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1 una ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Ukirefuka, ukinzani unapanda. Ukinenepa, unashuka. Na kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, waya wa spika wa mita 10 unahesabiwa kuwa mita 20 za shaba.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayemwagilia kwa matone anaijua hali hii vizuri. Mpira mwembamba ukivutwa mbali, mizabibu ya mwisho inapata maji kidogo kwa sababu msukumo umeishia njiani. Akiweka mpira mnene, maji yanafika. Ila akishafikia unene unaotosha, kuongeza tena hakubadili chochote, kwa kuwa kinachoyazuia maji sasa ni kitundu chenyewe cha kudondoshea. Kwenye muziki, spika ndiyo kitundu hicho. Omu 8 za spika ni kizuizi kikubwa mno mbele ya sehemu ndogo ya omu iliyomo kwenye waya mzuri, na hapo ndipo jibu la bishano zima linapoanzia.

Sebuleni na ukumbini

Tuchukue sebule ya kawaida. Amplifaya iko kwenye kabati la televisheni, spika iko mita 4 kutoka hapo. Umetumia waya wa milimita za mraba 1.5, unene ule ule unaotumika kwenye taa za nyumbani. Mita 4 kwenda na 4 kurudi ni mita 8, na ukinzani wake ni karibu omu 0.09. Kwa spika ya omu 8, sauti inashuka kwa desibeli 0.1.

Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Tofauti ya desibeli 1 ndiyo ambayo mtu anayesikiliza muziki kwa kawaida huanza kuitambua. Anayelinganisha papo hapo, kwa utulivu na kwa vifaa vilivyopimwa, anaweza kushuka chini ya nusu ya hapo, lakini 0.1 ni padogo mno. Ukibadilisha ule waya wa 1.5 na kuweka wa 2.5, utaokoa kama sehemu nne za mia moja za desibeli. Ukiweka mnene kama kidole, utaokoa hizo na sehemu chache za ziada. Hakuna sikio la binadamu linalofika huko, na kitasa cha sauti cha amplifaya yako kikiguswa kidogo tu kinabadili mengi zaidi.

Sasa twende ukumbini. Amplifaya iko pembeni mwa jukwaa, spika ya nyuma iko mita 30. Aliyefunga alikuwa na rola la waya mwembamba mwekundu na mweusi, wa 0.5, akauvuta hadi mwisho. Mita 60 za waya huo zina omu 2 na ushee. Kama amplifaya ilikuwa imewekwa itoe wati 300 kwa spika ya omu 8, spika sasa inapata kama wati 190, na karibu wati 50 zinaupasha waya moto. Wakiongeza spika ya pili kwenye waya huo huo, kama inavyofanyika kila wiki, mzigo unakuwa omu 4 na mambo yanakuwa mabaya zaidi: kinachofika kwenye spika ni chini ya nusu ya nguvu iliyotarajiwa, na sauti imeshuka kwa desibeli 3.6. Mhudumu wa muziki anaona nyuma hapasikiki, anapandisha amplifaya, amplifaya inalemewa na kuanza kukata mawimbi, sauti inakwaruza, na twita za mbele, yaani spika ndogo za sauti za juu, zinaungua. Kesho yake watu wanasema spika zilikuwa feki.

Waya wa 4 wa shaba ungemaliza tatizo hilo kwa kulipunguza hadi karibu nusu desibeli. Fundi aliyesema "waya ni waya" alisema kweli sebuleni, akakosea vibaya ukumbini.

Kuna athari nyingine ambayo ni ya hila zaidi na ndiyo chanzo cha maneno kama "sauti nzito" na "sauti nyepesi". Zile omu 8 au 4 zilizoandikwa nyuma ya spika ni makadirio. Spika halisi inabadilika kadiri muziki unavyotoka kwenye besi kwenda sauti za juu: ya omu 4 inaweza kushuka hadi 3.5 kwenye sauti fulani na kupanda hadi 20 kwenye nyingine. Waya mwembamba wa 0.5 wenye mita 10 una omu 0.68. Pale spika iliposhuka hadi 3.5, waya huo unakula desibeli moja na nusu. Pale ilipopanda hadi 20, unakula 0.3 tu. Kwa hiyo baadhi ya sauti zinabaki juu na nyingine zinazama, na tofauti kati yake imezidi desibeli 1. Hapo waya umebadili sura ya muziki wenyewe, na anayesema amesikia tofauti amesikia kweli. Ukitumia waya mnene wa kutosha, hali hiyo inatoweka, na haitoweki zaidi kwa kulipa zaidi.

Kanuni ninayoiamini, na mafundi wengi wa sauti wanaitumia, ni kwamba ukinzani wa waya mzima usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa shaba halisi, waya wa 1.5 unafika mita 17 kwa spika ya omu 8, au mita 8 na ushee kwa ya omu 4. Waya wa 2.5, ule wa unene wa soketi, unafika mita 29 kwa omu 8, na mita 14 kwa omu 4. Nyumba nyingi zinaishia ndani ya vipimo hivyo.

Hapa mtu huuliza swali zuri: mbona honi za msikitini au kanisani zinafungwa kwa waya mwembamba unaozunguka jengo zima, na sauti inafika? Jibu ni kwamba mfumo ule ni tofauti. Honi nyingi za matangazo hutumia mfumo wa volti 100: amplifaya ina transfoma ya kupandisha volti, na kila honi ina transfoma ndogo ya kuishusha. Volti zikiwa juu, nguvu ile ile inasafirishwa kwa mkondo mdogo. Honi ya wati 30 kwenye volti 100 inaonekana na waya kama mzigo wa omu 333. Vuta waya wa milimita ya mraba 1 kwa mita 200: ukinzani wake ni omu 6.8, ambao mbele ya 333 si kitu. Ungevuta waya huo huo na kuufunga moja kwa moja kwenye spika ya omu 8, sauti ingeshuka kwa zaidi ya desibeli 5. Ni sababu ile ile inayofanya umeme mkubwa unaotoka Iringa kupitia kituo cha Zuzu kuelekea Singida na Shinyanga usafirishwe kwa kilovolti 400. Kwa hiyo anayechukua uzoefu wa honi akauhamishia kwenye spika za ukumbi anakosea, na anayehamishia uzoefu wa ukumbi kwenye honi naye vile vile.

Shaba isiyo shaba

Hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowaumiza wanunuzi wa kwetu. Hesabu zote hapo juu ni za shaba. Madukani kuna nyaya nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho ni shaba. Kwa mita, ukinzani wake ni kama mara moja na nusu wa shaba ya unene ule ule. Kuna mbaya zaidi: chuma kilichopakwa shaba, ambacho ukinzani wake ni mara kadhaa. Na mara nyingine unene ulioandikwa kwenye ganda haupo ndani; ganda ni nene, nyuzi ni chache.

Waya wa aluminiamu si haramu. Ukijua unachonunua, ukachagua mnene zaidi kwa hatua moja au mbili, kazi itafanyika. Ubaya ni kuuziwa kwa jina na bei ya shaba. Aluminiamu ina matatizo mengine pia: nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara, jambo linaloua nyaya za muziki wa kukodi unaofungwa na kufunguliwa kila Jumamosi, na kiungo chake huota kutu nyeupe inayozuia umeme.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Chuna kichwa cha waya, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, ni aluminiamu au chuma. Sogeza sumaku: ikinata, kuna chuma. Pima uzito kwa mkono: rola la shaba ni zito waziwazi kuliko rola la aluminiamu la ukubwa huo. Shikilia uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi: aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, hivyo uzi mwembamba hulegea na kukatika, ilhali shaba, inayoyeyuka kwenye 1,085, itawaka wekundu tu na kubaki. Tahadhari moja: kuna shaba iliyopakwa bati, ambayo nje ni nyeupe na ndani nyekundu. Hiyo ni nzuri, tena inavumilia chumvi ya hewa ya pwani, usiikatae kwa rangi yake.

Ukiwa na mita, chukua rola zima la mita 100 kabla ya kulikata, unganisha nyaya mbili upande mmoja, pima upande wa pili. Waya wa 2.5 wa shaba utakupa karibu omu 1.4. Ukisoma 2 na kuendelea, umeshajua. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Viungo na fezi

Ningeulizwa ni wapi sauti nyingi hupotea Dodoma, ningesema kwenye viungo. Waya unavutwa hadi nusu ya ukumbi, unaisha, unaongezwa mwingine kwa kusokota na kufungwa tepu nyeusi. Miezi michache baadaye tepu imekauka kwa joto, nyuzi zimelegea, vumbi la kiangazi limeingia. Kiungo kama hicho kinaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko waya wote, na kibaya zaidi hubadilika-badilika kila spika inapotikisika, ndiyo sauti inayokatika na kurudi. Chomea kwa risasi au tumia kibano cha skrubu, na vichwa vya nyuma ya amplifaya vikazwe.

Watu wengi wanaobadilisha waya na kusikia sauti imekuwa safi, walichofanya kwa kweli ni kukata vichwa vya zamani vilivyofubaa na kukaza vipya. Wangeukata ule ule wa zamani sentimita tano na kuufunga upya, wangepata matokeo hayo hayo.

Kosa la pili ni fezi. Spika mbili zinatakiwa kusukuma hewa pamoja na kuvuta pamoja. Moja ikifungwa chanya kwenye hasi, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana katikati ya chumba. Mwimbaji aliyetakiwa kusikika katikati anasikika kama yuko kila mahali na hayupo popote. Hii ni tofauti kubwa kuliko waya wowote wa bei, inatokea mara nyingi mno, na tiba yake ni kugeuza nyaya mbili. Ndiyo maana waya una ubavu mmoja wenye rangi au mstari. Fuata mstari huo mwanzo hadi mwisho.

Yanayodaiwa kuhusu nyaya za bei

Shaba isiyo na oksijeni inapitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida ya nyaya za umeme kwa takriban asilimia 1. Ni bidhaa nzuri, ila asilimia 1 ya omu 0.09 haina sauti. Fedha, madini yenyewe, inaipita shaba kwa asilimia 6 hivi. Ongeza unene wa shaba kwa asilimia hizo umeilingana. Dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Faida yake ni kwamba haioti kutu, kwa hiyo inafaa juu ya vichwa vya kuunganishia, na huko ina manufaa ya kweli lakini ya uimara, hasa kwa mtu wa Tanga au Mtwara.

Mishale inayochorwa kwenye waya kuonyesha sauti ielekee wapi haina msingi kwa waya wa spika, kwa kuwa umeme wa sauti unakwenda na kurudi mara maelfu kwa sekunde. Hauna upande wa kuelekea. Waya "kuzoea" baada ya saa kadhaa za kupigwa muziki, nao haubadiliki. Anayezoea ni msikilizaji, na spika yenyewe mpya inaweza kulegea kidogo.

Wapo wanaosisitiza nyaya za kulia na kushoto ziwe na urefu sawa sawa, eti sauti moja isichelewe. Umeme unasafiri ndani ya waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Waya mmoja ukizidi mwenzake kwa mita 7, sauti inachelewa kwa muda ambao mawimbi hewani yanatembea sehemu moja ya mia ya milimita. Ukigeuza shingo umesogea zaidi ya hapo mara maelfu. Sababu pekee ya kuzisawazisha ni ukinzani, na ikiwa waya ni mnene wa kutosha hata hiyo haipo.

Dai lenye fizikia ya kweli ndani yake ni kwamba sauti za juu hupita kwenye ngozi ya waya tu. Jambo lenyewe lipo: kwenye kilohezi 20, yaani mara 20,000 kwa sekunde, mwisho wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima, umeme hujikusanya zaidi katika kama nusu milimita ya juu ya shaba. Lakini waya wa 2.5 una nusu kipenyo kisichofika milimita 1, kwa hiyo sehemu kubwa ya shaba bado inafanya kazi. Jambo hili huwasumbua watu wa mitambo ya redio na minara. Kwetu ni dogo mno.

Na besi "kubana" kwa sababu ya waya? Amplifaya huidhibiti koni kupitia waya pamoja na koili ya spika, na koili ya spika ya omu 8 peke yake ina karibu omu 6. Kupunguza waya kutoka omu 0.1 hadi 0.02 mbele ya hizo 6 hakubani chochote. Tena koili hupata joto. Shaba inaongeza ukinzani kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja, na spika inayopigwa kwa nguvu usiku kucha inaweza kupanda nyuzi 100 juu ya ilivyoanza. Zile omu 6 zimekuwa 8 na ushee. Badiliko hilo limetokea ndani ya spika, ni mara nyingi zaidi ya ukinzani wa waya mzima, na waya wa thamani yoyote hauligusi.

Kwa nini watu wazima na waaminifu husikia tofauti

Nawaheshimu wanaosema wamesikia. Masikio hayafanyi kazi peke yake. Kumbukumbu ya sauti kwa undani hudumu sekunde chache, na kubadilisha waya huchukua dakika kadhaa. Kinacholinganishwa ni sauti ya sasa na hisia ya zamani. Kichwa kikisogea sentimita kumi tu, sauti za juu zinazogonga ukuta wa tofali na vigae hubadilika kwa kiasi kinachopimika. Sauti iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama msikilizaji hajui kuwa imepanda. Na mtu aliyetoa fedha husikiliza kwa makini kuliko jana, hivyo anasikia vitu vilivyokuwepo siku zote.

Ndiyo maana majaribio ya haki hufanywa bila msikilizaji kujua waya upi unatumika. Noel Lee alianzisha Monster Cable huko Marekani mwaka 1979, na biashara ya nyaya maalumu ikakua haraka. Agosti 1983 jarida la Stereo Review lilichapisha majaribio ya Laurence Greenhill yaliyolinganisha waya wa Monster na waya wa kawaida wa taa wa takriban milimita ya mraba 1.3, pamoja na waya mwembamba wa 0.2 uliokuwa ukiuzwa au kutolewa bure kama waya wa spika. Kwa muziki, waya wa taa na ule wa bei havikutofautishika. Waya mwembamba ndio uliobainika kuwa duni. Miaka zaidi ya 40 imepita na fizikia ya shaba haijabadilika. Mwaka 2007 James Randi, aliyekuwa akichunguza madai ya ajabu, alisema zawadi yake ya dola milioni 1 itakwenda kwa atakayetofautisha nyaya za dola 7,250 na za kawaida. Jaribio hilo halikufanyika, na zawadi ilifungwa mwaka 2015 bila mtu kuipata.

Unaweza kujaribu nyumbani kwako. Pima kwa mita volti zinazofika kwenye spika ukiwa umepiga mlio mmoja usiobadilika, uzisawazishe kwa nyaya zote mbili hadi zitofautiane kwa chini ya asilimia 1. Chagua muziki unaoujua: ilimba ya Kigogo inafaa sana, kwa kuwa ule mvumo wa utando wa buibui juu ya kisanduku chake umejaa sauti za juu, na ngoma za muheme zitakupa chini. Mwenzako arushe shilingi kila mara kuamua waya upi aufunge, wewe ukiwa umegeuka, na aandike. Rudieni mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kubahatisha ni kama 4 kwa 100, na una haki ya kudai unasikia. Ukipatia 8 au 9, ni sawa na kubahatisha.

Nyaya nyingine zisichanganywe na hizi

Yote niliyosema ni kuhusu waya kati ya amplifaya na spika. Waya wa maiki, wa gitaa au wa kutoka kwenye simu kwenda miksa hubeba umeme mdogo mno, ambao baadaye utakuzwa. Mvumo wa hezi 50 kutoka kwenye umeme wa ukutani ukiuingia, unakuzwa nao. Huko wavu wa shaba unaozunguka waya, plagi imara na mfumo wa nyaya mbili za sauti zenye kufuta kelele ni vitu vya kulipia. Na kamwe usitumie waya wa gitaa kufungia spika kwa sababu tu jeki inaingia: waya wa katikati yake ni mwembamba, na kwa amplifaya kubwa unaweza kupata moto.

Kwa anayejenga sasa, kabla ya plasta, pitisha bomba la plastiki kutoka mahali pa amplifaya hadi kila pembe itakayokaa spika, weka ndani waya laini wa shaba wa 2.5 bila kiungo njiani, uwe mbali kidogo na nyaya za umeme wa ukutani na usitumie bomba lao. Acha ziada ya nusu mita kila upande, weka alama ya chanya kwenye ncha zote mbili, na pima kwa mita kabla ukuta haujafungwa: omu kati ya chanya na hasi ncha zikiwa wazi isisome kitu, na zikiunganishwa upande mmoja isome sehemu ndogo ya omu.